Jogoo Mweupe wa Ghorofani

Kitu cha kwanza kilichonichefua kwa ndege yule kilikuwa unga wake. Sikuwahi kusikia kwamba ndege hutoa unga. Kuku najua huacha kinyesi na utitiri, bata huacha matope, lakini huyu alijikung'uta mara moja tu na hewa ya sebule nzima ikajaa vumbi jeupe, laini kama poda ya mtoto, likatua juu ya chai yangu na kutanda kama utando wa maziwa. Nililikuta katikati ya kurasa za vitabu, ndani ya viatu, kwenye mswaki. Niliamka na ladha yake kooni. Alikuwa kokatuu, yule kasuku mkubwa mweupe wa Australia, mwenye kishungi cha njano ambacho alikisimamisha kila alipokasirika, na alikasirika kutwa.

Sikumnunua. Nilimrithi pamoja na dawati. Miaka michache baada ya uhuru nilitoka chuo kikuu nikapelekwa Homa Bay kushika kazi ya Mwingereza mmoja katika ofisi ya kilimo ya wilaya. Alinikabidhi funguo za kabati, ramani zenye madoa ya chai, na fleti alimokuwa akiishi, ghorofani juu ya duka la vitambaa la Mhindi. Sebuleni kulikuwa na kizimba cha waya. Alisema ndege ni dume, kwamba ameishi naye tangu alipokuwa kijana, na kwamba ndege wa aina hiyo anaweza kumzika mwenye kumfuga. Kwao hangeweza kumpeleka. Alikuwa amefikiria kumpiga risasi.

"Maana nikikuachia wewe," aliniambia, "mtamla tu."

Alisema akicheka, kama mtu anayetoa mzaha mbele ya rafiki. Kwa ajili ya neno hilo moja nilimchukua ndege. Sikumpenda hata kwa saa moja. Nilimfuga kwa ukaidi, jinsi mtu anavyoendelea kuvaa kiatu kinachombana kwa sababu aliambiwa hakitamtosha.

Ukaidi una harufu. Wangu ulinuka papai lililochacha na kinyesi chembamba cha kijani kilichoning'inia kwenye waya, kikakauka, kikawa kama chokaa. Ndege alichagua njugu moja katika kumi na zile tisa akazirusha ukutani. Alitafuna fremu ya mlango mpaka bawaba ikalegea, kwa hiyo ilinibidi nimpatie magogo magumu ayatafune, na kwa ajili ya kuyapasua magogo hayo nilitumia shoka la Mwingereza, lililokuwa limeegemezwa daima ubavuni mwa kizimba. Jambo lililonitia kinyaa kuliko yote lilikuja nilipomfungulia jioni atembee. Alinijia kwa miguu yake ya kijivu, yenye magamba kama ya mjusi, akajisugua kwenye kiatu changu huku akitetemeka, kisha akatikisa shingo juu chini na kunitapikia njugu zilizotafunwa, vuguvugu, juu ya kidole gumba. Halafu akanitazama kama aliyenipa zawadi.

Na alisema. Alikuwa na maneno matatu tu, kwa sauti ya yule bwana, ya puani, ya mtu ambaye hajawahi kurudia amri. "Boi! Lete chai!"

Kila asubuhi. Nilikuwa nimesoma falsafa na uchumi, nilikuwa nimesimama kwenye midahalo nikiuliza kama bendera yetu imebadilisha kitu au rangi ya kitambaa tu, na kila asubuhi katika nyumba yangu mwenyewe niliitwa boi na mnyama asiye na meno. Mhindi wa duka aliyasikia kupitia dari. "Bwana afisa," aliniuliza siku moja bila kutabasamu, "chai imefika?"

Hayo yote ningeyavumilia peke yangu. Lakini baba mdogo akaja kung'olewa jino.

Alitoka nyumbani kwetu, karibu na Migori, hadi hospitali ya Homa Bay, na jioni akafika kwangu shavu limefura, kitambaa kimezungushwa kutoka kidevuni hadi utosini. Aliketi kwenye kiti cha Mwingereza akitema damu ndani ya kopo. Ndege alikuwa amefunikwa blanketi, kwa hiyo hawakuonana. Baba mdogo alilala sebuleni kwenye mkeka.

Kulipopambazuka, blanketi likiwa limeteleza, ndege alisimamisha kishungi, akatandaza mabawa, akapiga ile kelele yake ya bati linalokatwa kwa msumeno. Nilipotoka chumbani baba mdogo alikuwa ameketi wima kwenye mkeka.

"Kinawika," alisema.

"Hakiwiki, baba. Ni aina ya kasuku. Anapiga kelele tu."

"Alfajiri?"

"Na jioni."

"Kichwani ana nini?"

"Manyoya."

"Yanasimama."

"Ndiyo, yanasimama."

"Sasa niambie, msomi wetu. Kitu chenye mabawa, chenye kitu kinachosimama kichwani, kinachoamsha watu alfajiri. Huko chuoni mnakiitaje?"

"Boi!" ndege alisema. "Lete chai!"

Baba mdogo alicheka mpaka akashika shavu kwa maumivu. "Uuwi! Hata kenyewe kanakuita boi! Vitabu vyote vile!" Kisha nikaona kicheko kikimtoka usoni. Macho yake yalikuwa yametua kwenye shoka kando ya kizimba. Yakaenda kibarazani, ambako jiko langu la makaa lilikuwa bado lina moto chini ya majivu. Yakarudi kwa ndege. Alivielekezea kidole kimoja kimoja, polepole, kama mwalimu wa hesabu.

"Jogoo. Shoka. Moto," alisema. "Na mke yuko wapi?"

"Sina mke, baba. Unajua sina."

"Kumbe umetoka hata bila mke."

Aliondoka asubuhi ileile, hakunywa chai.

Nieleze alichokiona, kwa wasiotoka kwetu. Mjaluo hahami boma la baba yake kama mtu anayehama hoteli. Siku ya kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe, dala, hutoka alfajiri na jogoo, shoka na moto: baba yake akiwa mbele, mwana wake wa kwanza ameshika shoka, mke amebeba moto. Nyumba husimamishwa siku hiyohiyo na jogoo hulala humo. Na mkubwa hutangulia. Mdogo akitoka kabla ya kaka yake, amemruka, na kumruka kaka huleta chira, ule ugonjwa unaomkausha mtu kama jani huku chakula kipo. Chira haimchagui mwenye kosa. Inaweza kumshika mtoto wa yule aliyerukwa.

Kaka yangu alikuwa amengoja muda mrefu kutoka. Alikuwa mchimbaji katika mgodi wa dhahabu upande wa Osiri mpaka mgodi ulipofungwa, akarudi nyumbani na mke, mtoto mdogo wa kiume na kikohozi. Waliishi watatu katika kibanda cha ujana wake karibu na lango la baba, kibanda cha kulala mtu mmoja. Mwaka ule baba alikuwa amemwonyesha mteremko wa kujenga. Kaka alikuwa amekata miti, amekata nyasi za kuezekea, amezifunga matita, amezipanga. Alichongoja ni baba kutaja siku, kabla mvua za masika hazijaanza. Halafu baba mdogo akashuka kwenye lori na shavu lake, akatangaza kwamba mdogo ana jogoo mweupe ghorofani Homa Bay.

Niliitwa nyumbani. Nilisafiri juu ya lori la pamba nikiwa na hasira na hoja. Sebuleni kwa baba walikuwa wamekaa baba, baba mdogo, wazee wawili wa ukoo, na kaka karibu na mlango. Niliwaeleza. Niliwaambia huyu ndege anatoka bara jingine, hana undugu na kuku hata kidogo, hajui kuwika, hajui Wajaluo. Niliwaambia shoka ni la kupasulia magogo ya ndege, jiko ni la kupikia ugali, na fleti si yangu, ni ya Mhindi. Mtu anaanzishaje boma kwenye nyumba ya kupanga, juu ya duka la vitambaa?

"Ndiyo maana ni vibaya zaidi," mzee mmoja alisema. "Hata ardhi hakuigusa."

Nilimgeukia baba. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu aliyechoma hirizi za mama yake mwenyewe. "Baba, wewe Jumamosi unahubiri kwamba wafu wamelala, hawajui kitu. Nani basi ataleta hiyo chira? Jumamosi hakuna mizimu, Jumapili ipo?"

Baba mdogo aliguna kwa furaha; alipenda kuona kanisa likibanwa. Baba hakukasirika.

"Wafu hawajui kitu," alisema. "Walio hai wanajua. Siku mtoto wa kaka yako atakapougua, na watoto huugua, ni walio hai watakaosema nilinyamaza. Mke wake atasema. Kwa hiyo yule jogoo afe, ndipo nitaje siku."

Hapo ndipo chukizo langu lilipopata kazi. Ndege nilimchukia. Ningemnyonga kwa furaha kwa sababu ya vumbi, kwa sababu ya matapishi, kwa sababu ya neno boi. Lakini kumchinja kwa sababu baba mdogo ameota jogoo akiwa na homa ya jino? Nilikataa. Niliona wazi kwamba nikikubali hilo nitakubali kila kitu, na kwamba nchi nzima imejengwa na watu wenye akili wanaokubali upuuzi ili jirani asiseme.

Kaka alinisindikiza hadi barabarani. Tulipita kando ya matita yake ya nyasi. Aliinua moja, chini mchwa walikuwa wamekwisha kujenga.

"Omera," alisema, ndugu yangu, "nyasi zangu zinaliwa."

"Na wewe unaamini mambo haya?"

"Siamini wala sikatai. Mke wangu anaamini." Aliurudisha mzigo chini taratibu. "Unaniambia nilale naye katika nyumba anayoiogopa. Wewe utakuwa Homa Bay unasoma. Usiku mtoto akikohoa, ni nani atakayesikiliza pumzi yake?"

Nilijibu kitu kuhusu elimu. Alilipungia lori mkono likasimama.

Niliporudi, ndege alikuwa amezidi. Alikuwa amegundua kabati la chini ya sinki na hakutaka kutoka humo. Alirarua gazeti, na ripoti yangu ya kilimo cha pamba, akaburuta vipande ndani, na nikisogea alinguruma kama paka. Alipotoka kunywa maji alitoa rundo moja la kinyesi, kubwa, lenye uvundo wa kuangusha mtu, tofauti na chochote alichowahi kutoa. Nilidhani anakufa. Nilijiambia: afe basi, mwenyewe, kwa sababu yake mwenyewe, wazee wapate siku yao nami nibaki na msimamo wangu. Niliacha mlango wa kabati wazi nikaenda kazini na kitambaa cha pua mkononi.

Mawingu ya masika yalikuwa yakijikusanya juu ya ziwa kaka alipopanda ngazi zangu. Alikuwa na gunia tupu. Hakuwa amekuja kubishana.

"Sitamchinja hapa nikuchafulie," alisema. "Nitaondoka naye. Useme aliibwa. Msimamo wako ubaki."

Nilimwonyesha kabati.

Alichuchumaa, akaingiza mkono, na kilichofuata kilikuwa yowe la watu wawili, mmoja wao ndege. Mkono ulitoka damu ikitiririka kutoka kwenye kidole gumba. Ndege alimfuata hadi mlangoni mwa kabati, kishungi juu, mabawa yametandazwa, unga ukimwagika kutoka mwilini mwake kama kinu kinachovuja. Kaka alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi, hakuwa mtu wa kurudi nyuma, lakini alirudi nyuma. Kisha akainamisha kichwa akachungulia tena, na hasira ikamtoka.

"Omera. Njoo uone jogoo wako."

Katikati ya ripoti ya pamba iliyoraruliwa kulikuwa na yai. Dogo kuliko la kuku, jeupe lisilong'aa, lina doa la kinyesi ubavuni.

Kaka alikaa sakafuni akacheka, kidole kikiwa mdomoni. Alicheka jinsi ambavyo sikuwa nimemsikia akicheka tangu mgodi ufungwe. "Mzungu ameishi naye miaka yote hiyo," alisema, "na hakujua nyumbani kwake nani mume!"

Tulimrushia ndege blanketi, tukachukua yai. Lilikuwa na joto la mwili, lina unyevu, na kuligusa kulinisisimua ngozi vibaya. Kaka alilifunga kwa pamba, akaliweka ndani ya kofia yake, na kofia akaipakata njia nzima hadi Migori. Nyuma yetu, tuliposhuka ngazi, ndege alikuwa akipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia, mrefu, hauna boi wala chai ndani yake.

Sebuleni kwa baba yai lilipita mkono kwa mkono. Baba mdogo alilitikisa sikioni, akalinusa, akakunja uso.

"Hili ni la njiwa. Limenunuliwa sokoni."

"Lilikuwa chini yake," kaka alisema. "Alilikalia."

"Nani aliona?"

Kaka aliinua kidole chake, kilichovimba sasa kama lile shavu. "Hiki kiliona. Jogoo haatamii, baba."

Mzee mmoja alirudia polepole, jogoo haatamii, kama mtu anayejaribu uzito wa sarafu. Baba mdogo alilirudisha yai ndani ya kofia.

"Mimi," alisema, "tangu mwanzo nilishangaa sauti yake. Niliwaambia kuna kitu cha kike pale."

"Hukusema!" nilipaza sauti.

"Shavu lilikuwa limenivimba. Huenda hukunisikia vizuri."

Wote walicheka, hata baba, na baba akataja siku palepale. Kuku jike hatoi mtu nje ya boma. Mwenye kuku jike ni mfugaji tu. Sikuwa nimemruka mtu.

Nilitoka nje nikasimama ukutani. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi ulikuwa na ladha ileile ya unga. Bara la Australia halikuwasogeza hata unywele. Yai lenye kinyesi liliwasogeza mara moja. Wala halikuwaonyesha kwamba nilisema kweli. Liliwaonyesha kwamba sheria yao ni nzuri na kwamba nilikuwa nimeitii bila kujua. Nilitaka kurudi ndani kuwaambia hivyo. Kupitia dirishani nikamwona kaka ameketi, amefumba macho, mikono ameiacha ianguke magotini kama mtu aliyetua mzigo. Sikurudi ndani.

Walitoka alfajiri, kabla ya mvua. Baba alitangulia, kaka akafuata amempakata jogoo mwekundu aliyekuwa akitapatapa na kumnyea shati. Mtoto alishika shoka lililomzidi, ncha yake ikiburutwa ardhini, na shemeji alibeba makaa kwenye kigae. Mimi nilibeba matita ya nyasi pamoja na wanaume wengine, na mchwa wakaniingia kolani. Kufikia jioni kuta zilikuwa zimekandikwa, paa limeezekwa, moshi ukipenya nyasi. Baba alisimama mlangoni akaiombea nyumba kwa lugha ya kanisa, huku jogoo akiwa amekwisha kufungiwa ndani. Hakuna aliyeona ajabu. Niliona mimi, nikanyamaza, kwa sababu shemeji alikuwa ameingia na mtoto mgongoni bila kugeuka nyuma, na tayari alikuwa akimkaripia kaka kuhusu mahali pa kuweka mtungi.

Asubuhi nilipoaga alinijia na kitambaa kilichofungwa.

"Shemeji, yule ndege. Alilia mlipomnyang'anya?"

"Ni ndege tu," nilisema.

"Nimekuuliza kama alilia."

"Alilia."

Alinipa kitambaa. Ndani mlikuwa na yai la kuku. "Mrudishie," alisema. "Halitaanguliwa, najua. Lakini asikae bure."

Mimi ndiye niliyekuwa nikisema kila siku kwamba yule ndege si alama ya kitu chochote, ni kiumbe tu, mwili na damu. Na wazo la kumrudishia kitu halikuwa limenijia.

Nililipakata yai lile kwenye lori kama kaka alivyofanya, nikijiona mjinga. Fleti ilinuka kutoka kwenye ngazi. Ndege alikuwa kabatini, amekalia vipande vya karatasi, kifua kikiwa na madoa. Nililisukuma yai kwake kwa mpini wa shoka. Alilitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Alilivuta chini yake kwa mdomo, taratibu, nami nikaushusha mpini. Kisha akasogea, akainamisha kichwa, akalitoboa.

Alilila lote. Alilamba ganda. Aliinua uso, kiini kikimning'inia mdomoni na kudondoka kwenye unga wa kifua chake, akanitazama kwa utulivu wa mtu aliyeshiba.

"Boi," alisema. "Lete chai."

Nilichukua kitambaa cha shemeji nikapiga magoti kupangusa sakafu. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, mvua kubwa, ya kutoka upande wa Migori. Huko nyasi zilikuwa juu ya paa.